Gripi Tu

Habari za Mudzipela, habari za Saio, Lumumba, Bankoko, Nyakasanza na Sukisa, mitaa yetu ya Bunia. Habari zenu ninyi mlio kambini Kigonze, ambako najua redio moja inasikilizwa na nyumba tano. Mama unayepuliza makala ili sombe ichemke, usizime redio, maana leo ninazungumza juu ya huyo mtoto aliye mgongoni mwako, mwenye makamasi.

Nianzie mbali kidogo. Mnakumbuka mwishoni mwa mwaka 2024 redio za dunia nzima zilikuwa zinataja jina la Panzi. Haikuwa Panzi ya Bukavu yenye hospitali ya daktari Mukwege. Ilikuwa Panzi nyingine, eneo la afya katika mkoa wa Kwango, kule kusini-magharibi, karibu na mpaka wa Angola. Kuanzia tarehe 24 Oktoba watu wa huko walianza kushikwa na homa, kichwa, kikohozi, mafua na maumivu ya mwili. Kufikia tarehe 5 Desemba wagonjwa walikuwa 406, na 31 walikuwa wamekufa, wengi wao watoto. Ugonjwa haukuwa na jina. Magazeti ya ng'ambo yaliuita ugonjwa X.

Sisi wa Ituri tunajua maneno kama hayo yanavyoingia tumboni. Tumeishi na Ebola. Tunaijua tauni ya kule Rethy. Mpox imetufikia. Kwa hiyo tuliposikia "ugonjwa usiojulikana", kila mtu alimuuliza jirani yake: hii nayo imetoka pori gani?

Wataalamu walikwenda. Barabara ya Kwango wakati wa mvua si mchezo, na vipimo vilichukua muda. Mwishoni mwa Desemba jibu likatoka. Kati ya tarehe 24 Oktoba na 16 Desemba wagonjwa walikuwa wamefika 891, waliokufa 48. Na kilichowaua ni malaria pamoja na virusi vya kawaida vya njia ya hewa: gripi ya H1N1, virusi vya mafua ya kila siku, korona, na ndugu zao wengine ambao kila mtoto wa Kongo hukutana nao kabla hajaanza shule. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa karibu nusu ya wagonjwa, na zaidi ya nusu ya waliozikwa. Katika zile taarifa za mwanzo, wagonjwa wote waliokuwa mahututi walikutwa na utapiamlo mkali.

Nakumbuka namna tulivyopumua siku ile. Hapa studio, sokoni, kwenye misa, watu walisema: aa, kumbe ni gripi tu. Basi.

Hilo "tu" ndilo limenitoa nyumbani leo. Kwa sababu kama ni gripi tu, wale watoto wa Panzi walikufa na nini?

Nitawapeleka mahali pengine, tena karibu zaidi na sisi kuliko Kwango. Vukeni mpaka wa Uganda, mpite Fort Portal, mwingie pori la Kibale. Kuna sokwe wanaoishi hapo ambao wanasayansi wamewafuata kwa miaka mingi. Mwaka 2013 sokwe wa kundi moja walianza kukohoa na kutoka makamasi. Kundi lilikuwa na sokwe 56, watano wakafa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka miwili, na walipompasua na kuangalia mapafu yake walikuta kirusi cha mafua ya binadamu. Mafua yetu haya, ambayo mtu mzima anajifuta puani kwa mkono na kuendelea kupakia pikipiki yake. Kirusi ni kilekile. Mwili kilioukuta ndio haukuwa na kinga yake.

Ndivyo ninavyowaomba mlielewe jambo hili. Tumezoea kuuliza: huu ugonjwa ni mkali kiasi gani? Na kwa mambo ya mafua ya watoto swali hilo halitufikishi popote, mpaka tuulize: umempata mtoto wa namna gani?

Mtoto mdogo mwenye afya nzuri anaweza kushikwa na mafua mara sita hadi nane kwa mwaka. Mara sita hadi nane! Kwa hiyo mama anayeniambia "mwanangu kila siku ni kikohozi" anasema ukweli, wala hajalogwa na mtu. Kikohozi kimoja kinaweza kukaa wiki mbili, hata tatu, na kabla hakijaisha vizuri kingine kinabisha hodi. Ndivyo mwili wa mtoto unavyosoma dunia. Mara nyingi unapona wenyewe kwa maziwa ya mama, uji, maji na usingizi.

Lakini kati ya virusi hivyo kipo kimoja ambacho kila mzazi wa Bunia angepaswa kukijua kama anavyoijua malaria. Wataalamu wanakiita RSV. Hospitalini kwetu, kwa Kifaransa, mtasikia VRS. Karibu kila mtoto duniani hukipata kabla hajafikisha miaka miwili, awe wa Paris au wa Djugu. Kwa wengi ni makamasi na kikohozi. Kwa baadhi kinashuka chini, kwenye mapafu. Hesabu iliyofanywa kwa mwaka 2019 inasema kilileta maambukizi ya mapafu milioni 33 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kikawalaza hospitalini milioni 3.6, na kikawaua zaidi ya 100,000. Karibu nusu ya waliokufa hawakuwa wamefikisha miezi sita. Na katika kila vifo 100, vifo 97 vilitokea katika nchi zisizo tajiri.

Nirudie hapo kidogo, maana kuna namba nyingine nilipoisoma niliweka karatasi chini. Katika hao 100,000 na zaidi, waliokufa wakiwa kitandani hospitalini ni 26,000 hivi. Wengine, yaani karibu watatu kati ya wanne, walifia nje ya hospitali. Mkekani. Njiani. Mgongoni mwa mama.

Mimi si muganga. Ninazungumza kama mzee mwenye wajukuu, na mwaka jana jambo hili liliingia nyumbani kwangu. Mjukuu wangu alikuwa na miezi saba. Mafua yalianza Jumatatu, na dada yake wa darasa la pili ndiye aliyeyaleta kutoka shuleni. Jumatano usiku mvua ilikuwa inapiga mabati hata huwezi kusikia mtu aliye karibu nawe. Kikohozi chake sikukisikia. Kilichonishtua ni kumwona mama yake akimtia titi mdomoni, naye analishika, ananyonya mara mbili, tatu, analiachia na kutweta. Analishika tena, analiachia. Nikaomba tochi ya simu, nikainua shati lake.

Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka kama la ndege mdogo aliyeshikwa mkononi. Nikahesabu dakika moja: 58. Sikuamini, nikahesabu tena: 62. Na pale chini ya mbavu, kila alipovuta pumzi, ngozi ilikuwa inaingia ndani, kishimo kinatokea, kinapotea, kinatokea. Mwanangu akasema, papa, tungoje kupambazuke, usiku huu pikipiki tutaitoa wapi? Tukangoja, na saa zile nne zilinizeesha. Alfajiri tulikuwa mlangoni mwa hospitali.

Mama muuguzi aliyetupokea alimweka mapajani kwake kabla hajaandika hata jina. Akatazama saa yake ya mkononi, akatazama tumbo, kimya. Kisha akaniuliza:

"Papa, ni wewe ulihesabu?"

"Ni mimi."

"Dakika nzima?"

"Nzima, mama. Mara mbili."

Akambana kidole na kile kifaa chenye taa nyekundu kinachopima oksijeni ya damu. Kikaandika 87. Akasema oksijeni, sasa hivi. Mtoto alikaa na mirija puani siku mbili, na siku ya tatu akamng'ata mama yake wakati wa kunyonya, sote tukacheka kwa sauti mpaka wenye vitanda vya jirani wakatugeukia.

Yule mama alinieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Mirija ya hewa ya kichanga, ile ya mwisho kabisa ndani ya mapafu, ni myembamba mno. Kirusi kinapoingia, kuta zake zinavimba na ute unaziba. Kwa mtu mzima uvimbe mdogo kama huo hauonekani. Kwa kichanga ni balaa, kwa sababu mrija ukipungua upana wake kuwa nusu, kazi ya kuvuta hewa ileile inaongezeka mara 16. Mtoto anafanya kazi hiyo kwa misuli ya mbavu, saa baada ya saa, bila kupumzika, kama mtu anayepanda mlima na gunia la muhogo kichwani. Na kwa kuwa pua imeziba hawezi kunyonya. Asiponyonya hana nguvu. Nguvu zikiisha, pumzi zinapungua, na hapo wazazi wengi hufikiri ametulia, amepata nafuu, kumbe amechoka.

Sasa nani huwaletea vichanga virusi hivi? Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifuata nyumba 47 kwa miezi kadhaa katika mwaka 2009 na 2010, wakawa wanachukua makamasi ya kila mtu aliyemo, mgonjwa na mzima. Walikuta zaidi ya nusu ya vichanga waliopata RSV walikipata humohumo ndani, mara nyingi kutoka kwa kaka na dada zao wanaosoma. Huyo dada wa darasa la pili. Anarudi na daftari, anarudi na kirusi, na kwa kuwa anampenda mdogo wake anambusu mdomoni kabla hajavua viatu. Simlaumu. Namfundisha anawe kwanza mikono kwa sabuni au majivu, na akiwa na mafua ambusu mguu.

Lakini hebu tuseme ukweli. Ushauri huo ni rahisi kwangu mimi mwenye vyumba vitatu. Ituri yetu ina watu zaidi ya milioni moja walioacha vijiji vyao kwa sababu ya vita. Mtu aliyewahi kuinama na kuingia kibandani Kigonze anajua: hema moja, mama, watoto watano, na jiko limeingizwa ndani kwa sababu nje kunanyesha. Moshi haupati pa kutokea. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema moshi wa nyumbani unakaribia kuongeza mara mbili hatari ya mtoto kupata ugonjwa wa mapafu. Kirusi kikiingia kibandani humo hakihitaji kutafuta njia. Na mtoto kinayemkuta amekula ugali mara moja tangu jana, na labda malaria imepita kwake mwezi uliopita ikaondoka na damu. Nikiangalia hivyo naiona Panzi. Panzi haiko Kwango pekee.

Ndiyo maana inaniuma tunapogawa hofu yetu vibaya. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287, karibu wote Kivu ya Kaskazini na hapa kwetu. Tulinawa mikono mlangoni mwa kila duka, tulipimwa joto kwenye kila kizuizi, na tulifanya vema. Katika miaka hiyohiyo surua ilikuwa inazunguka nchi nzima. Surua nayo ni kirusi cha njia ya hewa, na silaha yake kubwa ni kushuka mapafuni. Kufikia Januari 2020, kwa muda wa mwaka mmoja hivi, ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Kwa ajili ya surua sikusimamishwa kwenye kizuizi hata kimoja. Na chanjo yake ilikuwepo tangu mimi nikiwa kijana, ile ya miezi tisa, inayotolewa bure.

Nimetaja chanjo, niseme na ile ya nimonia ya bakteria, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa mwaka 2011. Mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Haizuii virusi. Lakini mara nyingi kirusi hufungua mlango, halafu bakteria huingia nyuma yake, na chanjo humfungia huyo wa pili. Wareko, wale wahudumu wa afya wa jamii, wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza kadi, mama, usiifiche kwa sababu umekosa tarehe. Waonyeshe. Tarehe iliyopita inarekebishwa.

Kuhusu dawa nitasema maneno makali kidogo, mnisamehe. Mafua yakianza tu, tunakimbilia duka la dawa, tunanunua vidonge viwili vya amoksisilini, tunampa mtoto leo na kesho, tunaacha. Antibiotiki haiui kirusi. Katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwa mojawapo, palepale Kilifi, walichunguzwa watoto zaidi ya 4,000 waliolazwa kwa nimonia kali, na kwa wale ambao picha ya kifua ilithibitisha na hawakuwa na VVU, virusi ndivyo vilivyobeba lawama kwa sita kati ya kumi; RSV peke yake tatu kati ya kumi. Ni kweli muuguzi akikuta mtoto anapumua haraka humpa amoksisilini, kwa kuwa hawezi kuona kwa macho kama ni kirusi au bakteria, na hapo anafanya sawasawa: anampima uzito, anatoa dozi kamili. Hiyo ni kazi yake. Vidonge viwili vya dukani ni kitu kingine.

Wapo pia wanaomkata mtoto kimeo ili kikohozi kiishe. Mtoto anatoka damu, jeraha linaingia uchafu, kikohozi kipo palepale. Wapo wanaomtia mafuta puani. Yale mafuta yanateleza mpaka mapafuni na kukaa humo. Acheni, nawasihi. Pua iliyoziba itieni matone machache ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo sana, futeni kwa kitambaa laini, kisha mpeni titi. Mara kwa mara, kidogo kidogo.

Upande wa wakubwa wetu nina ombi. Mtoto kama yule wangu haponi kwa ushauri. Anapona kwa oksijeni. Mashine ya oksijeni inataka umeme usiokatika, au jua na betri, au mitungi iliyojaa. Kituo cha afya chenye mashine iliyofunikwa kitambaa kwa sababu jenereta haina mafuta ni kituo kisicho na oksijeni. Na chanjo mpya ya RSV, ile anayochomwa mama mjamzito ili kinga imfikie mtoto tumboni, ipo duniani. Mwaka 2025 OMS ilipendekeza kila nchi iwakinge vichanga wake dhidi ya kirusi hiki. Waliokufa wako upande wetu, karibu wote. Ingekuwa aibu kubwa chanjo ianzie kwa wasiokufa na kutufikia sisi baada ya miaka kumi.

Dakika zangu zinaniishia, nami nimekusudia kuzitumia moja pamoja nanyi. Kila aliye na mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye kikohozi, amchukue sasa. Asiwe analia, asiwe ananyonya. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Mlaze mapajani, inua nguo, tazama tumbo. Kila linapopanda, hesabu moja. Kama hajafikisha miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka mno. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni 40 au zaidi. Ukipata hesabu hiyo, mpeleke kituo cha afya. Na kama unaona kile kishimo chini ya mbavu, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anashtuka kwa degedege, au amelegea haamki vizuri, au midomo imekuwa ya buluu, usihesabu tena. Mfunge mgongoni, mwamshe jirani mwenye pikipiki, nenda.

Fundi wetu wa mitambo amekaa hapa mbele yangu na saa mkononi. Atanyamazisha kila kitu kwa sekunde 60, na zikiisha atagonga meza. Usiye na mtoto, nyamaza nasi, ili jirani yako asikosee hesabu.

Mko tayari? Anzeni.